Jicho la Msasi wa Upinde katika Nyika ya Ronge

Mazungumzo haya yanahusu ujuzi wa kale ambao thamani yake haijapungua ingawa matumizi yake ya kwanza yamekatazwa na sheria, nao ni ujuzi wa kumwona mnyama wa porini akiwa karibu, ametulia, na hana habari kwamba anatazamwa. Katika nchi ya Ronge, ambako Ronge Juu imeshikamana na vilima vya Taita nchini Kenya na Ronge Nyika imeshuka hadi kwenye vichaka vikavu vya tambarare, ujuzi huo ulikuwa sharti la kwanza kwa kila aliyetoka nyumbani na upinde begani na podo la mishale mgongoni. Mwenye bunduki anaweza kumwangusha mnyama aliye umbali wa mita 200, hali mpiga upinde anayetaka mshale wake uingie mahali panapoua haraka hana budi kusogea hadi mita 20 au 30, na katika umbali huo swala mwenye afya husikia hata kijiti kikivunjika chini ya unyayo. Ndiyo maana usasi wa upinde, ukipimwa kwa saa, ni kazi ya kuona na kujificha ambayo mshale huja kuihitimisha kwa dakika moja tu, na siku nyingi dakika hiyo haifiki.

Vitabu vingi juu ya usasi huu vimeandikwa Marekani na Ulaya, navyo huzungumzia paa wa kule wenye pembe za matawi, ambao si wa asili katika Afrika iliyo kusini ya Sahara. Pembe za wanyama hao ni mfupa mtupu unaodondoka na kuota upya kila mwaka, hali swala, pofu na tandala wa nyika ya Taita wana pembe za kudumu, yaani kiini cha mfupa kilichovikwa ala ngumu ya dutu ileile inayounda kucha. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtaalamu wa wanyama, lakini kwa anayewatafuta kwa macho haina uzito, kwa sababu makundi yote mawili hucheua, yote hupendelea kula alfajiri na jioni, na yote humtambua adui kwa njia zilezile tatu za pua, sikio na jicho. Kanuni zinazofaa katika misitu ya Michigan zinafaa pia kati ya Mwatate na Voi, mradi mtu ajue ni nani anayeishi kwenye kichaka kipi.

Hapo ndipo elimu yenyewe inapoanzia, maana anayeingia nyikani kutafuta mnyama yeyote kwa kawaida humkosa kila mmoja. Kuro, mwenye manyoya marefu na duara jeupe matakoni, hawezi kukaa mbali na maji, kwa hiyo hutafutwa kando ya mito na mabwawa. Swala pala hunywa mara kwa mara wakati wa kiangazi na hupenda ukingo, yaani mstari ambapo vichaka hukutana na nyasi wazi, nao huonekana mara nyingi chini ya miti waliyopanda nyani, kwa kuwa nyani hudondosha matunda na majani na pia hupiga kelele chui anapokaribia. Swala twiga anaweza kuishi bila kunywa kabisa, akipata maji yake katika majani anayoyafikia kwa kusimama kwa miguu ya nyuma, hivyo anayemvizia kwenye bwawa atakesha bure. Choroa, mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka, na pofu huhama mbali kufuata mvua, kwa hiyo kuwaona mahali fulani wiki moja si ahadi kwamba watakuwapo wiki inayofuata. Pongo hukaa peke yake kwenye vichaka vizito vya mabonde na kingo za misitu, na mara nyingi sauti yake inayofanana na kubweka kwa mbwa husikika kabla ya mwili wake kuonekana.

Tandala mdogo anastahili maneno zaidi, kwa kuwa hifadhi ya Tsavo ni mojawapo ya makao yake makuu duniani na kwa kuwa hakuna mnyama anayeijaribu zaidi subira ya mtazamaji. Mistari myembamba myeupe inayoshuka ubavuni mwake hufanana na nuru inayopenya matawini, na anapohisi hatari, kabla ya kukimbia, husimama kimya kama gogo, akitegemea kwamba adui atapita. Anayetembea kwa mwendo wa kawaida hupita kweli, na hatajua kamwe kwamba tandala alikuwa hatua arobaini kutoka kwake. Dawa ya hali hiyo ni kuacha kutafuta mnyama mzima na kutafuta vipande vyake: mstari wa mgongo uliolala mlalo katikati ya matawi yaliyosimama, sikio linalopungia nzi, unyevu wa pua unaong'aa, mguu mmoja chini ya kichaka. Darubini husaidia hata katika umbali mfupi, kwa sababu ikilengwa nyuma ya matawi ya mbele huyafanya yafifie na kuacha kilicho ndani kionekane. Wapo pia wanaojizoeza kupitisha macho kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume cha njia ya kusoma, ili jicho lisiteleze kwa mazoea bali lilazimike kusimama.

Kwa digidigi kazi ni tofauti, maana wanyama hao wadogo huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo wasilolihama, na huliwekea mipaka kwa malundo ya kinyesi wanayoyarudia na kwa nta nyeusi inayotoka katika tezi iliyo pembeni mwa jicho, ambayo huipaka kwenye ncha za vijiti. Anayeyaona malundo mabichi na nta hiyo ana hakika kwamba wenye nyumba hawako mbali, na akikaa kimya mahali hapo jioni atawaona wakitoka. Mlio wao wa hofu, unaopitia puani kama filimbi, huwatahadharisha wanyama wote walio karibu, hivyo mtazamaji aliyemshtua digidigi mmoja hufanya vyema kuketi na kungoja kwa muda kabla ya kuendelea. Ndivyo ilivyo pia kwa kanga na kwale wanaoruka kwa kishindo miguuni mwa mtu.

Majira hubadili kila kitu. Tambarare za Voi hupata mvua chache katika misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Desemba, na katika nyika hii mvua za vuli ndizo zinazotegemewa zaidi. Mvua zikinyesha, maji hupatikana katika kila kidimbwi, majani hufunga, nyasi hurefuka, na wanyama hutawanyika kiasi kwamba hata eneo lenye wanyama wengi wa porini huonekana tupu. Kuanzia Juni hadi Oktoba hali hugeuka: miti ya jamii ya manemane hupukutisha majani na kubaki mifupa ya kijivu, macho hufika mbali, na wanyama wanaohitaji maji hukusanyika kwenye chemchemi, kwenye mabwawa kama Aruba lililojengwa mwaka 1952 ndani ya Tsavo Mashariki, na kwenye ardhi ya chumvichumvi wanayoilamba ili kupata madini yasiyopatikana katika majani. Mwanzo wa mvua una faida yake pia, kwa kuwa mbuga iliyoungua hutoa nyasi laini siku chache baada ya manyunyu ya kwanza, na ardhi yenye unyevu huhifadhi nyayo safi zinazoonyesha mnyama alipita lini, akielekea wapi, na kwa mwendo gani.

Hata hivyo yote hayo huharibika ikiwa upepo umesahauliwa, na hapa inafaa kutulia, kwa sababu mnyama anayemwona mtu huweza kusita na kutazama tena, na anayesikia kishindo huweza kudhani ni mnyama mwenzake, lakini anayepata harufu ya binadamu hana shaka. Mtu hujua upepo wa jumla wa majira, kusi au kaskazi, na kuudhania kuwa ndio unaovuma kila mahali, hali miteremko ya Taita ina mwendo wake wa hewa. Usiku ardhi ya juu hupoa, hewa iliyopoa huwa nzito, nayo huteremka polepole kutoka Ronge Juu kuelekea nyika kama maji yasiyoonekana, na mwendo huo huendelea hadi jua linapochomoza na kuupasha mteremko joto. Baada ya hapo hewa iliyopata moto huwa nyepesi na kuanza kupanda. Anayetoka kilimani alfajiri na kushuka moja kwa moja hutanguliwa na harufu yake mwenyewe hadi chini, na atakuta nyayo mbichi za wanyama waliokwisha kuondoka. Anayefaulu ni yule anayezunguka, akaingia kutokea chini na kupanda uso ukipokea hewa inayoshuka, kisha jua likishapata nguvu akageuza mpango na kushuka kutoka juu. Kwenye mteremko unaotazama mashariki kuna neema ya ziada, kwa kuwa anayepanda asubuhi, kwa muda mfupi kabla jua halijaupasha mteremko joto, huwa na jua mgongoni pamoja na hewa usoni, hivyo mnyama aliye mbele yake amemulikwa vizuri naye yuko upande wa mwangaza unaoumiza macho ya mnyama. Katikati ya kugeuka kwa hewa hupita kipindi ambacho upepo huzungukazunguka bila mwelekeo, na kipindi hicho ni bora kukaa kuliko kutembea. Kuupima si kazi ngumu: majivu machache katika kifuko cha kitambaa chepesi, yakitikiswa kila baada ya hatua kadhaa, huonyesha mwendo wa hewa ambao ngozi haiwezi kuuhisi.

Juu ya macho ya wanyama hawa imani nyingi zimeenea zisizo sahihi. Macho yao yapo pembeni mwa kichwa na mboni zao zimelala mlalo, kwa hiyo huona karibu duara zima bila kugeuka, na huhisi mwendo mdogo sana. Lakini wana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, hali binadamu ana tatu, na matokeo yake hawawezi kutenganisha vizuri nyekundu na kijani. Hii ndiyo sababu wasasi katika majimbo mengi ya Marekani hulazimishwa na sheria kuvaa rangi ya machungwa inayong'aa, ili waonwe na wenzao, bila kuwapa wanyama onyo kubwa. Buluu ndiyo rangi inayowajia kwa nguvu, na katika nyika ya Tsavo ina hasara ya pili, kwa sababu buluu iliyokoza na nyeusi huwavuta mbung'o, ndiyo maana mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nguo ya rangi ya udongo inatosha. Kinachomsaliti mtu zaidi ni mkono unaoinuka ghafla, uso unaong'aa kwa jasho, na umbo la mtu aliyesimama juu ya mgongo wa kilima mbingu ikiwa nyuma yake. Kutembea nako kuna taratibu zake, kwa kuwa hatua za mfululizo zenye mdundo mmoja ni alama ya binadamu, na anayekwenda hatua chache kisha akasimama kwa muda mrefu kuliko alivyotembea husikika kama mnyama anayekula.

Swali la kale ni kama inafaa zaidi kutembea au kuketi. Wahadza wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, ambao ni miongoni mwa watu wachache katika Afrika Mashariki wanaoendelea kuwinda kwa upinde, hutumia njia zote mbili kwa majira: mvua zikiwapo mtu hutembea peke yake akitafuta kwa bahati na nyayo, na mwishoni mwa kiangazi hujibanza usiku katika mavizio, yaani maficho yaliyojengwa kwa mawe na matawi karibu na maji. Mgawanyo huo una mantiki isiyopingika, maana maji yakiwa kila mahali hakuna mahali pa kungojea, na yakiwa mahali pamoja hakuna haja ya kutembea. Wamarekani nao hukaa juu ya miti kwenye vibao vilivyofungwa mita kadhaa kutoka chini, ili harufu ipite juu na umbo litoke katika mstari wa macho ya mnyama; mkulima wa Ronge Nyika anayelinda mahindi yake akiwa juu ya dungu hupata manufaa yaleyale bila kusafiri kuyatafuta. Mwaka 1925 Saxton Pope na Arthur Young, walioufufua usasi wa upinde Marekani, walifika Tanganyika kuwawinda simba kwa mishale, na safari yao ikasifiwa sana huko kwao. Katika mwaka huohuo, upande wa pili wa mpaka, wapo watu waliokuwa wakifanya makubwa zaidi ya hayo bila kusifiwa na yeyote.

Watu hao ni Waata, ambao katika maandishi ya zamani waliitwa Waliangulu na ambao pwani hujulikana zaidi kwa jina la Wasanye. Nchi yao ya usasi ilikuwa nyika yote inayozunguka mto Galana, mashariki mwa Voi, na mnyama wao mkuu alikuwa tembo. Upinde wao ulihitaji nguvu ya kuvuta iliyopita kilo 45, kiasi kinacholinganishwa na pinde za vita za Uingereza ya kale, na mishale yao ilipakwa sumu ya msunguti, mti ambao magome na vijiti vyake huchemshwa kwa saa nyingi hadi vitoe utomvu mweusi mzito. Kiini cha sumu hiyo, kiitwacho uabaini, huvuruga mapigo ya moyo, na kwa kuwa hupoteza nguvu ikikauka, mshale ulivingirishwa ukanda wa ngozi hadi dakika ya mwisho. Lakini upinde wenye nguvu na sumu kali havikutosha bila kumkaribia tembo kwa hatua chache katika kichaka ambacho macho hayafiki mbali, na hilo liliwezekana kwa sababu msasi wa Kiata alisoma nyayo, upepo na kinyesi kwa ukamilifu ambao askari waliotumwa kumkamata walikuwa wa kwanza kuukiri.

Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na sheria za kikoloni zilimruhusu tajiri aliyelipia leseni kuwinda kwa bunduki, huku zikimwita mwizi mwenye upinde aliyezaliwa humo. Katika msako mkubwa wa mwaka 1956 na 1957, ulioongozwa na msimamizi wa Tsavo Mashariki David Sheldrick pamoja na Bill Woodley, wasasi wengi wa Kiata walitiwa gerezani. Tembo walihitaji ulinzi, na hilo halina ubishi. Lakini jamii nzima kupokonywa riziki yake pasipo kupewa nyingine lilikuwa kosa ambalo hata baadhi ya wasimamizi wa wakati huo walilitambua, wakaanzisha mwaka 1960 mpango wa Galana, ambao ulikusudia Waata wawinde kwa kiwango kilichopangwa na kuuza nyama na pembe kihalali. Mpango huo haukudumu, na ardhi ile ikageuzwa kuwa ranchi. Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inafanya kosa kuwinda hata kwa ajili ya kitoweo.

Inasikitisha kwamba kilichotoweka haraka zaidi ni ule ujuzi, wala si uuaji. Ujangili unaoisumbua Ronge Nyika na ranchi za jirani leo hauhitaji kumjua mnyama: kitanzi cha waya hutegwa kwenye mapito na kumnasa tandala mwenye mimba sawasawa na dume zee, na tochi kali humpumbaza digidigi usiku hadi apigwe rungu akiwa amesimama. Msasi wa upinde alilazimika kumtazama mnyama kwa muda kabla ya kuamua, na katika kutazama huko alijifunza mambo ambayo mtega waya hatayajua hata akitega maisha yake yote.

Mambo hayo yana kazi halali inayoyangojea. Wanaohesabu swala kwa miguu hutumia njia inayoitwa kipimo cha umbali: mhesabuji hutembea kwenye mstari ulionyooka, hupima umbali kutoka mstarini hadi kila mnyama aliyemwona, na kutokana na jinsi idadi inavyopungua kadiri umbali unavyoongezeka hukokotoa wale ambao hawakuonekana. Hesabu hiyo husimama juu ya masharti mawili magumu, kwamba kila mnyama aliye juu ya mstari ameonekana, na kwamba ameonekana pale alipokuwa kabla hajamkimbia mhesabuji. Tandala anayesimama kimya huvunja sharti la kwanza, na swala aliyenusa harufu huvunja la pili, kwa hiyo mhesabuji asiyejua kusoma hewa ya alfajiri huleta takwimu zilizo safi kwenye karatasi na zisizo kweli porini. Kosa hilo huwa zito zaidi kwa wanyama walio hatarini, kama swala waitwao hirola, ambao walihamishiwa Tsavo Mashariki mwaka 1963 na tena mwaka 1996 ili wasitegemee makao ya Garissa peke yake, na ambao kundi lao ni dogo kiasi kwamba kuwakosa wachache kunabadili picha nzima. Kamera zinazofungwa mtini na kujifyatua mnyama apitapo husaidia, lakini nazo huona tu pale zilipofungwa, na anayechagua mti wa kuzifunga hana budi kujua mapito.

Walinzi wa Lumo, hifadhi ya jamii inayounganisha ardhi za Lualenyi, Mramba na Oza, na wale wa Rukinga na Taita Hills, hutembea nyika hii kila siku, na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hufunzwa Manyani, ndani ya kaunti hiihii ya Taita Taveta. Mafunzo yao yanaweza kuongezewa siku za kutembea nyikani bila silaha, wakiongozwa na wazee wa Kitaita na wa Kiata wanaokumbuka kazi hiyo, na kinachosemwa huko kirekodiwe kwa sauti na kuandikwa, pamoja na majina ya miti na mapito yake. Jambo hili halina nafasi ya kungoja bajeti ya miaka mitano ijayo, kwa kuwa kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 wakati wa msako wa 1957 amekwisha kuvuka miaka 80.